Sabato Ambayo Remba Haikusikika

Joram Ouma alifariki wiki iliyopita, na kundi la simu la watu waliowahi kufanya kazi katika ile hospitali ya misheni ya Homa Bay limejaa vipicha vya mikono iliyokutanishwa kwa maombi. Kamati ya mazishi inataka kila aliyemfahamu marehemu aandike maneno mawili ya kuwekwa kwenye kijitabu. Maneno mawili! Tangu asubuhi nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta. Nikisema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, nitakuwa nimesema kweli na sijasema kitu. Mimi na Joram tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, 1999, yeye akiwa muuguzi wa zahanati kisiwani Remba, mimi nikiwa fundi wa mawasiliano hospitalini, na mwaka huo ulipokwisha tulikuwa hatusemezani. Kosa lilikuwa langu, na halikuwa siri. Kila mtu alilijua, kuanzia mpishi hadi daktari mkuu. Lisilojulikana na wengi ni jinsi nilivyoendelea kukasirika baada ya kukosa, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Kijitabu hakina nafasi ya mambo kama hayo, kwa hiyo nayaandika hapa.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Migori, na elimu yangu ilikuwa kidato cha nne pamoja na ukaidi. Hospitali iliniajiri mapema mwaka ule kwa sababu simu yao ya upepo ilikuwa inakohoa. Kwa vijana wasioijua, simu ya upepo ni redio ya kutuma na kupokea sauti: unabonyeza kitufe cha kipaza, unasema, unaachia, unasikiliza. Vituo kadhaa vya misheni, kutoka vilima vya nyuma ya Migori hadi visiwani, vilitumia chaneli moja, kwa zamu. Mmoja akibonyeza, wengine wote hawana la kufanya ila kungoja aachie. Serikali ilikuwa imetoa leseni ya chaneli hiyo, na leseni ilisema sauti tu. Kwa Remba chaneli ile ndiyo ilikuwa kila kitu. Kisiwa kile ni mwamba uliofunikwa kwa mabati, watu wamebanana, omena, dagaa wa ziwa letu, zinaanikwa popote palipobaki nafasi, na siku zile hakukuwa na simu nyingine ya aina yoyote. Mgonjwa akizidiwa, Joram alibonyeza kitufe na kuita Homa Bay, nasi tukatoa boti na dawa. Akiita asisikike, alibaki yeye, mgonjwa na maji pande zote.

Chumba cha redio kilipakana na jiko la hospitali. Ukuta ulikuwa mwembamba, hata tulijua chakula cha mchana kabla ya mgonjwa yeyote: sufuria ikigongwa hivi ni ugali, mafuta yakilia vile ni samaki wa ngege. Mwenye chumba alikuwa Mama Perpetua, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, Mkatoliki wa kufunga kila Ijumaa, aliyekuwa ameshika kipaza kile kwa miaka mingi. Mimi Msabato, yeye alinitania kila siku ya Mungu. Kamongo ikipikwa, samaki yule asiye na magamba ambaye sisi hatumli, alileta sahani yake karibu na meza yangu na kula polepole. "Fundi, karibu. Ah, samahani, nimesahau, wewe Musa alikukataza." Kisha simu ikilia anafuta mikono na kuanza kupokea oda ya dawa kutoka visiwani, herufi kwa herufi, huku mawimbi yakikwaruza.

"Remba, rudia hiyo jina ya dawa. A kama Atieno?"

"A kama Atieno. M kama Migori. O kama omena."

"O kama Omolo?"

"Omena, Omolo, si ni O ile ile, mama! Andika O!"

"Usinipigie kelele, Joram, mimi si kiziwi. Endelea."

Dawa moja ilimaliza dakika tano. Nilisikiliza hayo na moyo wangu ukawaka kwa tamaa ya kuyamaliza. Ndipo alipokuja Matias, kijana wa Kizungu wa kujitolea, akiwa na kompyuta mbili kuukuu na boksi la diski. Alitaka orodha za dawa zitumwe kama maandishi kupitia redio ile ile, kompyuta kwa kompyuta. Aliziwekea mfumo ambao sikuwa nimewahi kuusikia, mfumo huria, hauuzwi, na kila kilichomo kimeachwa wazi ukisome. "Ukiona kosa," aliniambia, "huombi ruhusa kwa mtu. Unafungua, unarekebisha mwenyewe." Sijui kama alijua alikuwa anamwambia nani. Mtu aliyekuwa amepitisha maisha yake yote akifungua redio za watu kwa bisibisi, leo anaambiwa hata mawazo ya mashine yanafunguka! Maneno yale yaliniingia kichwani kama pombe, mimi nisiyekunywa.

Nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Draiva ni kipande cha programu kinachoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani. Draiva yetu iliifundisha kompyuta kubonyeza kitufe cha redio kwa waya badala ya kidole, kutuma maandishi yakiwa milio, kisha kuachia. Hapo penye kuachia ndipo palipokuwa na shida yote. Kati ya kompyuta na redio kulikuwa na kisanduku kidogo, na ndani yake kinga: kompyuta ikishikilia kitufe kupita sekunde chache, kinga inakata, redio inanyamaza, chaneli inakuwa huru kwa wengine. Matias alipokuwa anaondoka kurudi kwao, nami nimebeba begi lake hadi kwenye gari, alisimama akanishika bega. "Programu ifungue utakavyo, Elkana. Kisanduku usikiguse. Na leseni ya kutuma maandishi bado hatujapata, nimeomba Nairobi. Kwa hiyo majaribio mafupi tu, mpaka wajibu." Nikasema sawa. Nilikuwa mwepesi sana wa kusema sawa.

Sijui kama kuna kitu kinachochokoza nafsi ya mwanadamu kama draiva ya redio. Leo nikiwaona watu wakikikaripia kile kisanduku cha intaneti sebuleni, nawahurumia, lakini hawajaonja. Nilibadilisha mstari mmoja, kisha ikabidi kompyuta ijenge upya kiini kizima cha mfumo. Mashine ile ilianza watu wakinywa chai ya asubuhi na kumaliza sahani za mchana zikioshwa, halafu ikaniambia mabano fulani hayakufungwa. Nikafunga mabano. Siku ya pili ikajengeka salama, nikaiwasha, nayo ikasema haioni kisanduku. Siku ya tatu ikakiona, ikabonyeza kitufe mara tu umeme ulipoingia, kabla draiva yenyewe haijaamka, redio ikalia piii kwenye masikio ya kila kituo cha misheni hadi kinga ikakata. Mama Perpetua akaingia amevua kiatu kimoja.

"Wewe fundi! Padri wa Awendo ananiuliza kama tunachinja nguruwe hospitali!"

"Ni draiva, mama. Inajifunza."

"Inajifunza? Hata dereva wa ambulansi ana leseni. Hiyo yako iko na leseni?"

"Imeombwa."

"Basi mimi pia nimeomba kuwa askofu. Zima hiyo kitu."

Niliona anazuia maendeleo. Nilikwenda kwa msimamizi wa hospitali nikamwambia vumbi na watu wa kugusagusa vinaharibu kazi, nikapewa chumba kidogo cha stoo upande wa pili wa korido. Redio nikaihamishia huko, kompyuta ikiwa pembeni yake, betri mbili kubwa chini ya meza ili umeme ukipotea kazi isisimame. Mlangoni nikatia kufuli. Mama Perpetua akaachiwa kipaza kilichovutwa kwa waya mrefu kupitia juu ya dari, mezani pake, kama mtu aliyenyang'anywa ng'ombe akaachiwa kamba. Hakunitania wiki nzima. Ningepaswa kuogopa kimya kile kuliko kiatu.

Joram alikuja Homa Bay kila mwezi kuchukua dawa, na siku hizo tulikula pamoja jikoni, sisi watatu. Alikuwa mtu mrefu wa kucheka kwa pua, mikono yake ikinuka samaki kidogo hata akinawa vipi, maana wagonjwa wake walimlipa shukrani kwa omena. Alikula ugali bila haraka, akiupooza kwa mboga ya mrenda, akitusimulia habari za Remba: Mganda na Mtanzania waliogombana juu ya nyavu hadi wakawa mashemeji, mama aliyejifungulia ndani ya mtumbwi akamwita mtoto jina la injini. Kompyuta ya pili niliipeleka kwake, ikatumia umeme wa jua. Aliandika kwa kidole kimoja.

"Omera," aliniambia, ndivyo wanavyoitana wanaume wa kwetu wakipatana, "hii kitu ni nzuri. Lakini saa ingine nikiita, mimi nataka kusikia mtu. Hata Perpetua akinitukana, najua kuna mtu."

"Sikia, hata matusi yangu yana kazi," alisema Mama Perpetua, akiongeza mchuzi.

Nikawaambia nyinyi wawili ni watu wa kale. Maandishi yalikuwa yanafika, kweli, lakini oda ndefu ilikatwa katikati kila mara, kwa sababu ya ile kinga. Redio zetu zilipeleka maandishi kwa mwendo wa konokono, na sekunde za kinga ziliisha kabla ya orodha. Dawa yake, sasa naijua, hata wakati ule ningeijua kama ningetulia, ilikuwa kuikatakata orodha vipande vifupi na kuachia kitufe kila baada ya kipande. Kazi ya siku mbili tatu ndani ya draiva. Lakini nilikuwa nimechoka na draiva, nimechoka na mabano, nimechoka na kungoja kiini kijengwe. Nikafungua kisanduku, nikachukua kipande cha waya wa shaba, nikairuka ile kinga. Orodha nzima ikaenda bila kukatika. Nilishangilia peke yangu mle stooni. Safari iliyofuata Joram alipokuja, nilimwonyesha waya ule kama mtu anayemwonyesha rafiki mchumba. Akauinamia, akaniuliza kazi ya ile kinga ilikuwa nini hasa. Nikamwambia ni woga wa Wazungu.

Siku hizi nasikia malalamiko kwamba kompyuta za mifumo huria zikipata toleo jipya, kadi ya redio, ile ya intaneti isiyo na waya, inagoma, eti haijui iko nchi gani na chaneli zipi zinaruhusiwa huko. Watu wanatafuta njia ya kuidanganya. Nami hujiuliza nani atawaambia kwamba hewa ni ya wengi, na kwamba anayeiziba hasikii anaowaziba. Yeye husikia mashine yake tu ikifanya kazi vizuri.

Ijumaa moja nilikuwa natuma oda kubwa ya mwisho wa mwezi. Kwetu Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likizama Sabato imeingia, na mimi nilitaka kuingia Migori kabla ya hapo, nioge, nile chakula kilichopikwa mapema. Oda ilikuwa bado inakwenda nilipofunga kufuli. Nilijiambia itamaliza yenyewe. Haikumaliza. Mashine iliganda katikati, kidole chake cha waya kikiwa juu ya kitufe, na hapakuwa na kinga ya kukiondoa. Kutoka jioni ile redio ya Homa Bay ikawa inalia milio kwenye chaneli, bila kuchoka, na hakuna kituo kilichoweza kusema wala kusikia neno.

Asubuhi ya Sabato tulikuwa katikati ya shule ya Sabato pale Migori, mzee wa kanisa akisoma, nilipoona uso wa Odoyo, dereva wa hospitali, dirishani. Alikuwa ameendesha kutoka Homa Bay akiwa mwekundu kwa vumbi. Nikatoka nje.

"Fundi, mashine yako imekaba redio. Tumezima umeme ya hospitali yote, bado inalia."

"Kuna betri ndani."

"Ndio nimekuja. Lete ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yangu ya kanisani. Niliugusa kwa vidole. Nikawaza Mama Perpetua akiingia mle ndani na kung'oa kila waya anaouona. Mashine za siku zile ukizizima ghafla diski ilivurugika, na ndani ya diski ile kulikuwa na draiva yangu, miezi yangu, mabano yangu yote. Sikuwa na nakala. Hilo ndilo nililowaza. Lakini nililosema ni lingine.

"Odoyo, leo ni Sabato. Siwezi kufanya kazi wala kumtuma mtu kazi. Jua likizama nitakuja mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Fundi. Remba hatujaisikia tangu jana."

"Hata wakati mwingine hukaa siku mbili bila kuita. Mwambie mama anisubiri."

"Nimwambie hivyo Perpetua? Mimi?" Akacheka kicheko kikavu, akarudi kwenye gari. Nami nikarudi ndani nikakaa kwenye benchi. Nilijificha nyuma ya amri ya Mungu kuilinda diski. Nimewahi kulisema hilo mbele ya kanisa, na mzee yule aliyekuwa akisoma aliniuliza swali moja tu: "Elkana, ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato humtoi? Tena hawa hawakuwa ng'ombe."

Yaliyotokea Homa Bay nilisimuliwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza chumvi, lakini shina lake ni hili. Odoyo aliporudi mikono mitupu, Mama Perpetua alikwenda moja kwa moja stooni. Mlango wa stoo ulikuwa wa chuma, niliuchagua mwenyewe. Alitoka nje, akainua macho, akafuata waya wa eriali kutoka kwenye paa hadi mlingoti. Kisha akamwita mkata nyasi. "Baba, leta panga yako. Panda." Mkata nyasi akauliza kama daktari mkuu ameruhusu. "Panda, yawa! Daktari atakuuliza wewe ama mimi?" Pigo la pili waya ulikatika. Kwenye chaneli milio ikakoma. Vituo vingine vikaanza kuulizana kuna nini. Homa Bay yenyewe ikawa bubu, maana eriali ilikuwa chini, lakini angalau hewa ilikuwa imerudishiwa wenyewe. Ilikuwa alasiri.

Remba haikuwa tena kwenye kipaza. Joram alikuwa ameamka Jumamosi na wagonjwa wawili wa kuhara na kutapika, mama muuza omena na kaka yake, wamekauka hadi macho yameingia ndani. Chupa za dripu zilimwishia asubuhi. Aliita Homa Bay, akasikia milio. Akaita kituo chochote, milio. Akazima redio, akawasha, akaita tena. Mwishoni akamwachia zahanati mhudumu wa kujitolea, akawapakia wagonjwa kwenye boti ya injini iliyokuja kununua mbuta, akakaa kati yao juu ya barafu na samaki, akiwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mmoja kisha mwingine, njia nzima. Walifika hai. Kwa neema, alisema daktari, na kwa kijiko.

Mimi nilifika giza likiingia. Nilimkuta Joram jikoni, sahani ya ugali na samaki mbele yake, hajaigusa.

"Nilikuita," alisema. "Nilikuita mpaka betri ikaanza kufa."

Nilikwenda kwanza kuangalia diski.

Kituo kimoja kilikuwa kimelalamika, na siku chache baadaye akaja mkaguzi kutoka ofisi ya serikali inayosimamia mawimbi. Joram alikuwa bado Homa Bay, akingoja dripu za kurudi nazo. Asubuhi ya siku ile nilimkalia karibu kwenye chai. Nikamwambia mkaguzi akiuliza, aseme ilikuwa radi. Radi imepiga, kisanduku kikaungua, basi.

"Radi?" Alikata mandazi vipande viwili, asile hata kimoja. "Ijumaa kulikuwa na mvua wapi?"

"Ziwani kuna mvua kila saa. Nani atapinga?"

"Omera, huyu mtu akijua tumemdanganya atachukua chaneli yote. Sauti pia. Mimi nitarudi kule nikae na kipaza ambayo hakuna mtu upande ule."

"Hatajua. Na ukisema kweli, atanifungia mashine. Umeona kazi niliyofanya, Joram. Umeona."

"Nimeona," alisema, akasukuma sahani.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole wa suti ya kijivu, na upole wake ulinichoma kuliko ukali. Alifungua kisanduku, akakitazama, akakiweka chini. Akaketi kwenye kiti changu.

"Hii programu ni ya kampuni gani?"

"Si ya kampuni."

"Ya chuo?"

"Hapana. Ni ya watu."

"Watu gani?"

"Wa kila mahali, bwana. Ujerumani, Marekani. Mmoja anaandika, anaiweka wazi, mwingine anarekebisha."

"Na wewe umerekebisha."

"Nimerekebisha."

"Sasa ikiziba chaneli siku nzima, barua ya onyo nimwandikie nani? Nimwandikie Ujerumani?"

"Mwandikie huyu," alisema Mama Perpetua kutoka mlangoni. "Anwani yake tuko nayo."

Nilimwona mkaguzi mjinga wa mambo mapya. Miaka mingi nilisimulia swali lile kama kichekesho. Sasa naliona lilikuwa swali la haki kabisa, na jibu lake lilikuwa rahisi. Waliotunga draiva ile waliiacha wazi na wakaandika ndani yake, kwa maneno ambayo mtu yeyote angesoma, kwamba kinga isiondolewe. Uwazi wao haukuziba chaneli ya mtu. Kipande cha shaba kilikuwa changu.

Kisha akamgeukia Joram. Akamwuliza alisikia nini.

"Milio. Kama nyuki wako ndani ya chupa. Kutoka Ijumaa jioni mpaka naondoka."

"Unadhani ilikuwa nini? Fundi anasema huenda ni radi."

Joram alinitazama. Nilitikisa kichwa, taratibu, mkaguzi asione. Kama mkaguzi aliona, sijui.

"Haikuwa radi," alisema Joram. "Ni kompyuta ya Elkana. Kinga aliiruka na waya. Alinionyesha mwenyewe." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayeniombea: "Alitaka kutusaidia, bwana. Lakini mimi niko na watu kule."

Mkaguzi alichukua kisanduku. Kompyuta zisiunganishwe tena na redio, alisema, hadi kifaa kilichokaguliwa kipatikane na leseni ya maandishi itoke. Sauti ibaki. Remba ibaki hewani. Alimshukuru Joram kwa kusema kweli, kwa sababu alikuwa amekuja na karatasi ya kuifunga chaneli yote ikiwa ataona hospitali inamficha jambo. Mama Perpetua alifanya ishara ya msalaba. Daktari mkuu aliketi kama mtu aliyekatwa miguu. Kila mtu mle chumbani alisikia kwamba kisiwa kimeokoka. Mimi nilisikia kwamba mwaka wangu umekufa, na kwamba aliyeuua ni rafiki yangu. Joram alipanda boti na dripu zake siku ya pili. Alikuja kuniaga stooni, nikajifanya nahesabu skrubu.

Redio tuliirudisha kwenye chumba cha kando ya jiko. Eriali niliiunga mimi mwenyewe, nikapanda mlingoti huku mkata nyasi akinishikia ngazi na kujizuia kucheka. Jumapili iliyofuata nilikuwa peke yangu chumbani, Mama Perpetua yuko misani, jikoni wanakaanga vitunguu, nami nafungasha vifaa vyangu, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kurudi Migori. Redio ikakwaruza.

"Homa Bay, Homa Bay, hii ni Remba. Kuna mtu? Ova."

Kipaza kilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Niliendelea kukunja waya.

"Homa Bay, Remba anaita. Ova."

Nikasubiri anyamaze. Akanyamaza kidogo, nikadhani ameacha. Kisha sauti ikarudi, bila zile taratibu za redio.

"Elkana, najua ni wewe. Saa hii Perpetua yuko kanisani. Yule mama wa omena na kaka yake wamerudi. Wametembea wenyewe kutoka kwa boti. Nilitaka tu ujue. Si lazima useme kitu, we bonyeza tu nijue umesikia."

Akaachia, akangoja. Hewa ya asubuhi ile ilikuwa safi, hakukuwa na radi popote, hakukuwa na kituo kingine kilichotaka zamu. Nilimsikia akingoja. Nikabeba boksi langu, nikatoka, nikaufunga mlango taratibu ili usigonge.